Mwomba Chumvi Huombea Chunguche: Uhakiki wa Ombi la Raia kwa Bunge

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi ambalo ni nadra kulikuta katika vitabu vya kiada. Tuliwataka waandike ombi kwa Bunge la Taifa kuhusu jambo linalowaumiza watu wa kwao. Wengi wao wanatoka Busoga na Bugisu, kwa hiyo hatukushangaa kupokea maandishi kuhusu bei ya miwa upande wa Jinja, kahawa na mafuriko upande wa Mbale, ushuru wa nguo, dawa hospitalini, na madaraja yaliyosombwa na maji.

Sarufi ilikuwa nzuri na upatanisho wa kisarufi haukutusumbua sana. Hata hivyo, tulipomaliza kusahihisha tuliona kwamba karibu kazi zote zilimalizika kwa sentensi ya aina moja: "Tunawaomba waheshimiwa mtuonee huruma." Mwanafunzi mmoja aliandika ukurasa mzima wa salamu na shukrani kabla ya kulitaja daraja la kijijini kwao. Alipolifikia, hakusema liko juu ya mto gani, lilivunjika lini, wala nani alipaswa kulijenga. Ilikuwa risala ya kumsomea mgeni rasmi, iliyopewa jina la ombi.

Makala haya yanadhamiria kuuhakiki utanzu huu wa ombi la raia kwa Bunge. Wahakiki wetu huchambua riwaya, tamthilia na ushairi, na ni haki yao, lakini maandishi ambayo kwayo mwananchi hujaribu kubadilisha sheria hayajapata uhakiki wa kutosha. Hoja yetu ni kwamba ombi zuri si kilio wala si ugomvi. Ni wito: humtaja anayeitwa, humwambia jambo aliloitiwa, na humdai jibu. Pale ombi linaposhindwa, mara nyingi huwa limeshindwa kilugha kabla ya kushindwa kisiasa.

Neno lenyewe

Tuanze na kitenzi. Kwa Kiswahili tunamwomba Mungu, tunaomba kazi, tunaomba msamaha, tunaomba chumvi kwa jirani. Kutokana na mzizi huohuo tunapata ombaomba anayekaa kando ya barabara. Majirani zetu wa Luganda, lugha inayosikika sana katika masoko ya Jinja na Mbale, hutumia okusaba kwa kusali na kwa kuomba pia. Basi si ajabu mwanafunzi akishika kalamu kuliandikia Bunge, magoti yakainama yenyewe.

Upande wa pili kuna kudai. Mtu akisema "unanidai", maana yake ni kwamba nina kitu chako na unastahili kukipata. Luganda nayo ina okubanja, kudai deni. Anayedai deni hahitaji kuonewa huruma. Anachohitaji ni ushahidi, kiasi na tarehe.

Je, basi tuliache neno ombi na kushika dai? Hatuoni kuwa ni lazima. Tukichimba kidogo katika maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, tunakuta kwamba dua ya kumwomba Mungu, dai la mwenye haki na daawa ya mahakamani yanatokana na shina moja lenye maana ya kuita. Kumbe anayeomba na anayedai ni ndugu, na wote wawili wanaita. Anayeita hupaswa kujua anamwita nani, amemwitia nini, na anataka kujibiwa nini. Haya ndiyo maswali matatu tutakayoyatumia kama mizani ya uhakiki wetu.

Umbo lililorithiwa

Ombi linalosomwa katika Bunge la Uganda lina umbo maalumu. Hujitambulisha mwanzoni kuwa ni ombi la unyenyekevu la watu fulani, hueleza mambo yaliyotokea, hutaja linachotaka, kisha hufunga kwa ahadi kwamba waombaji, kama wajibu wao unavyowataka, watazidi kuomba daima. Hatukulibuni umbo hili wenyewe. Limetoka Uingereza, tangu siku ambazo raia aliongea na mfalme akiwa amepiga magoti.

Jambo la kutafakari ni kwamba huko Uingereza kwenyewe, Sheria ya Haki ya 1689 ilikwisha kutamka kwamba kumpelekea mfalme ombi ni haki, na kwamba kumshtaki au kumfunga mtu kwa sababu hiyo ni kinyume cha sheria. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo, katika ibara ya 29, imeuweka uhuru wa kuwasilisha maombi pamoja na uhuru wa kukusanyika na kuandamana kwa amani. Kwa hiyo sheria imesimama wima, ila lugha ya waraka bado imepiga magoti.

Hata hivyo, tusiwe wahakiki wa kubeza tu. Ndani ya ganda hilo la unyenyekevu mna kiini kigumu. Tuangalie kanuni za jirani zetu wa Kenya, ambako Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi, na sheria ya utaratibu wake ikapitishwa mwaka 2012. Ombi la huko laweza kuandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ni lazima liwe na lugha ya heshima na ya kiasi. Lieleze kama waombaji wamekwisha kujaribu kupata ufumbuzi kwa chombo kinachohusika na wakajibiwa nini. Lieleze kama shauri hilo liko mahakamani. Limalizike kwa ombi lililo wazi, linalotaja bayana kitu kinachotakiwa. Na liwe na majina, anwani na sahihi, au alama ya kidole gumba kwa asiyejua kuandika.

Kanuni hizi hazimtaki mtu alie. Zinataka heshima, na heshima si unyonge. Wanafunzi wetu wamelichukua ganda na kukiacha kiini. Wamejifunza kuinama bila kujifunza kutaja.

Ushuru: nani ametenda?

Mwanafunzi mmoja wa Jinja aliandika: "Bei ya miwa imeshuka na wakulima wanateseka." Sentensi hii haina kosa la sarufi, ila ina kosa la uraia. Imeshuka yenyewe kama jua? Tunapofundisha minyambuliko ya vitenzi huwa tunaishia kwenye umbo: shuka, shusha, shushwa. Hatuulizi kila umbo linamficha nani. "Bei imeshuka" haina mtenda. "Bei imeshushwa" inatulazimisha kuuliza imeshushwa na nani. "Fulani ameishusha bei" ina mtu wa kuitwa.

Katika suala la miwa, watenda wapo na wanajulikana. Kuna wenye viwanda, na Kakira karibu na Jinja kiwanda kimekuwapo tangu 1930. Kuna serikali inayotoa leseni za viwanda. Kuna Bunge lililotunga Sheria ya Sukari ya 2020, baada ya mvutano na Rais kuhusu umbali unaopaswa kuwapo kati ya kiwanda na kiwanda. Mkulima anayetaka viwanda vingi vishindanie miwa yake, na mwenye kiwanda anayetaka eneo lake lisiingiliwe, wote wamepeleka maneno yao Kampala. Ombi lisilosema ni kifungu gani cha sheria kinacholalamikiwa humwacha mbunge akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akaendelea na ajenda nyingine.

Tulinganishe na maandishi ya wenye nguvu. Mnamo Februari 2022 serikali ilitia sahihi mkataba wa kahawa na kampuni ya Uganda Vinci. Mkataba huo ulitoa misamaha ya kodi, ulitaja umeme usiozidi senti 5 za dola kwa yuniti, na uliitaka serikali iipe kampuni hiyo kipaumbele katika kupata kahawa bora. Hapa kila sharti lina mtenda, kitendo na kiwango, wala hakuna mahali panaposema "mtuonee huruma". Kwa mkulima wa Mlima Elgon, ambaye kahawa yake aina ya arabika imekuwa ikikusanywa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu chenye makao yake Mbale tangu miaka ya 1950, swali lilikuwa zito: je, nani ataamua kahawa yangu iuzwe kwa nani? Na mkazi wa Jinja, jirani wa bwawa la umeme tangu 1954, naye alikuwa na haki ya kuulizia bei hiyo ya senti 5.

Mwaka huohuo kamati ya Bunge iliuchunguza mkataba, wadau wa kahawa wakasikilizwa, na Bunge likaazimia kwamba uvunjwe. Wapinzani wa mkataba walifanikiwa kuwasikilizisha wabunge kwa kunyooshea kidole vifungu: hiki kinasema hivi, na kinatuathiri hivi. Huo ni uhakiki wa matini kama ule tunaoufundisha darasani, isipokuwa matini yenyewe haikuwa shairi.

Mfano mwingine ni wa nguo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba, au mivumba kama tunavyoiita huku, hatua kwa hatua. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kilipeleka ombi katika ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo, kikidai kwamba ajira zipatazo 40,000 za Wamarekani zilikuwa hatarini. Kilijua ofisi, kilijua sheria inayohusika, na kilitaja adhabu kilichoitaka: nchi zetu ziangaliwe upya kama bado zinastahili kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Ombi moja, lililoandikwa mbali sana na soko la Mbale, lilisaidia kuamua nguo gani zitauzwa Mbale.

Suala lenyewe halikuzikwa. Agosti 2023, akiwa katika eneo la viwanda la Mbale, Rais Museveni alitangaza kupiga marufuku mitumba. Mwenye kiwanda cha nguo alifurahi, mama muuza mivumba akashika tama. Kila mmoja kati ya hao wawili akiliandikia Bunge, atasema analitetea taifa. Hapo ndipo mhakiki anapohitajika.

Mfaransa Frédéric Bastiat aliandika mwaka 1845 ombi la dhihaka kwa niaba ya watengeneza mishumaa. Waombaji hao wanawasihi wabunge watunge sheria ya kufunga madirisha yote, kwa sababu kuna mshindani wa kigeni anayeuza mwanga kwa bei ya chini mno, naye ni jua. Wanaonyesha jinsi kila mtu nchini atakavyofaidika giza likiingia. Kejeli hiyo inafaa sana darasani, kwa kuwa inaufichua udhaifu mkuu wa utanzu huu: mwombaji kuficha chungu chake nyuma ya chungu cha taifa. Waswahili walilisema mapema kwamba mwomba chumvi huombea chunguche. Wengi huitumia methali hii kumsuta mwenye kujipendelea. Sisi tunaisoma pia kama kanuni ya uaminifu. Sema wazi chungu ni chako, sema kina nini, kisha uonyeshe kwa nini jirani naye hatalala njaa ukipewa chumvi.

Hataza: neno moja linavyoweza kuua

Walimu wa istilahi hupenda kubishana kuhusu maneno, na watu wakatuona hatuna kazi. Suala la hataza linatutetea. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze au kuuza alichokivumbua kwa kipindi maalumu. Kwa mgonjwa wa Mbale neno hilo linahusu bei ya dawa.

Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Mwaka uliofuata watu watatu waliokuwa wakiishi na VVU walikwenda mahakamani. Hawakutetea bidhaa bandia. Walisema kwamba maana ya neno "bandia" katika sheria hiyo ilikuwa pana mno, kiasi kwamba dawa za jenereki, yaani nakala halali na za bei nafuu za dawa asili, zingeweza kukamatwa pamoja na dawa za uongo. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilikubaliana nao kwamba vifungu hivyo vilihatarisha haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya. Shauri lile lilisimama juu ya fasili ya neno moja.

Nchini Uganda, Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2014 iliziacha dawa nje ya ulinzi wa hataza kwa kipindi ambacho nchi maskini zaidi duniani zimeruhusiwa, na mwaka 2015 Shirika la Biashara Duniani lilikirefusha kipindi hicho hadi mwanzoni mwa 2033. Tarehe hiyo haiko mbali. Raia atakayetaka kuliita Bunge juu ya jambo hilo atahitaji kutofautisha dawa bandia, dawa iliyokwisha muda, dawa duni na dawa ya jenereki. Katika kazi za wanafunzi wetu, zote hizo ziliitwa "dawa mbaya". Mwenye kuziita zote mbaya anaweza kuomba, bila kujua, zipigwe marufuku zile zinazomweka hai.

Kazi za umma: wapi, lini, kwa fedha zipi?

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia Mbale. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Jinja nayo ilikuwa imeshuhudia mwaka 2018 kufunguliwa kwa daraja jipya la Nile lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa mkopo kutoka Japani. Mwanafunzi wa Mbale aliyepita juu ya daraja hilo kwenda kwao ana haki ya kuuliza kwa nini kijito cha kijijini hakipati hata kivuko. Ila swali likibaki hivyo ni manung'uniko tu.

Tulimrudishia mwandishi wa ule ukurasa wa shukrani kazi yake, tukamwomba ajibu maswali yetu matatu. Alirejea baada ya wiki moja, baada ya kumpigia simu babake, akiwa na sentensi hii: "Tunaliomba Bunge liitake Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ieleze, kabla ya bajeti ijayo kupitishwa, ni lini daraja lililosombwa na maji mwaka 2022 kijijini kwetu litajengwa upya, kwa fedha zipi, na nani atakayelikagua." Heshima haikupungua. Neno "tunaliomba" bado limo. Kilichoongezeka ni kwamba sasa kuna mtu wa kujibu, na asipojibu itaonekana kwamba hakujibu.

Lugha gani?

Msomaji atauliza: haya yote kwa Kiswahili yatafika wapi, ikiwa shughuli za Bunge letu huendeshwa kwa Kiingereza? Swali ni la haki. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaeleza kwa sheria. Mtaala wa kidato cha kwanza na cha pili ulioanza 2020 umekifanya somo la lazima, na 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini hata ombi la kutaka Kiswahili kitumike Bungeni litasomwa humo kwa Kiingereza. Mkulima wa miwa na mkulima wa kahawa huhitaji mtu wa kuwaandikia, na anayekuandikia huchagua pia kipi cha kuacha.

Wapo watakaosema kwamba Wasoga wana Lusoga na Wagisu wana Lugisu, na Kiswahili ni cha nini? Hatutaki lugha hizo zinyamaze. Lakini mwuza mivumba wa Mbale na mwenzake wa Jinja wakitaka kutia sahihi waraka mmoja, lugha wanayoelewana nayo, kama inavyosikika kutoka Malaba hadi mitaa ya wafanyakazi ya Walukuba, mara nyingi ni Kiswahili.

Tukiri pia jambo lililo gumu zaidi. Nchini Uganda wazee wengi walikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya amri: simama, kaa chini, leta kitambulisho. Kwao ni lugha iliyowasemesha bila kuwasikiliza. Hatuwezi kuifuta kumbukumbu hiyo kwa nyimbo za kusifu umoja wa Afrika Mashariki. Pengine tunaweza kuitibu kwa kuwafundisha watoto wao kwamba lugha ileile iliyowaita wananchi kwa amri inaweza kutumika kuwaita watawala watoe maelezo.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, ombi kwa Bunge lifundishwe sambamba na barua rasmi na insha, kwa maswali yale matatu: anaitwa nani, kwa jambo gani, ajibu nini na lini? Pili, somo la kauli za vitenzi lifundishwe kwa mifano ya bei, kodi na barabara, ili mwanafunzi azoee kumtafuta mtenda aliyefichwa. Tatu, darasa lisome maombi ya pande mbili zinazopingana na kutafuta chungu cha kila upande.

Yule mwanafunzi wetu bado hajalipata daraja lake. Ameupeleka waraka wake kwa mbunge wa kwao kwa Kiingereza, akabaki na nakala ya Kiswahili aliyomsomea babake kwa simu. Anasema mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Wamesema watajibu lini?" Hilo ndilo swali tunalotaka kila mwanafunzi wetu atoke nalo darasani.